Ufunguzi wa Filamu ya Taharuki: Dalili, Chanzo na Dawa kwa Wanafunzi wa Nairobi

Mwongozo huu ni wa kikundi cha watu watatu au wanne, simu moja inayorekodi vizuri, mwalimu anayetaka kazi mezani kabla shule hazijafungwa, na dakika 2 za kujaza: ufunguzi wa filamu ya taharuki (thriller), ile inayomweka mtazamaji roho juu. Si lazima muusome wote. Tafuteni dalili inayowasumbua, msome chanzo chake, mrudi kazini. Ila dalili ya kwanza isomwe na kila mtu, kwa sababu matatizo mengi yanayokuja baadaye huanzia hapo. Vikundi hununua taa, hushusha muziki wa kutisha, huipaka picha rangi ya bluu, kumbe ugonjwa uko kwenye hadithi.

Jambo jingine kabla hatujaanza. Maelekezo mengi mnayoyakuta mtandaoni yaliandikwa na watu wa nchi ambako machweo huchukua muda mrefu, misitu ina ukungu na nyumba zina vyumba vya chini ya ardhi. Nairobi ina geti linalofungwa saa 4 usiku, ngazi zisizo na taa, namba ngeni inayopiga mara tatu na kukata, na stima inayopotea bila taarifa. Mtazamaji wenu anazijua hofu hizo kwa jina. Msiende kukopa za watu.

Dalili: Watu wanatazama, lakini hawaogopi

Onyesheni kazi yenu kwa mtu asiyeijua, msimweleze chochote. Akimaliza, muulizeni: "Ulikuwa unangoja nini kitokee?" Akijibu "sijui", mna tatizo, na hapo kuna vyanzo vitatu vya kuchunguza.

Kinachoongoza ni kwamba mtazamaji hana habari yoyote. Wanafunzi hudhani taharuki ni kuficha, kwa hiyo wanaficha kila kitu: anayefuata hana uso, sababu haijulikani, mahali hapajulikani, hata anayefuatwa hatumjui. Mtu hawezi kuhofia asichoonyeshwa. Mpeni mtazamaji habari moja ambayo mhusika hana, na mumpe mapema, ndani ya sekunde 20 za kwanza.

Chukueni mfano huu. Shoti ya kwanza: sebule ya nyumba ya kupanga, giza. Ufunguo unasikika mlangoni. Miguu miwili yenye viatu vya kiume inarudi nyuma taratibu na kupotea nyuma ya pazia. Shoti ya pili: msichana anaingia, anabonyeza swichi, hakuna kitu. Tokeni zimeisha. Ananunua kwa simu, ujumbe unaingia, anasimama mbele ya kibodi ya mita, mwanga wa kioo cha simu usoni, anaanza kubonyeza. Tokeni ina tarakimu 20, zimepangwa nne nne, na yeyote aliyewahi kulipa stima ya aina hiyo Kenya anaijua safari hiyo kidole kwa kidole. Sasa tazameni kilichotokea: mmepata saa inayohesabu bila kuonyesha saa. Stima ikirudi, atamwona. Aliye nyuma ya pazia anajua hivyo pia. Anakosea tarakimu ya tisa, anafuta, anaanza upya. Mtazamaji anataka kupiga kelele.

Hakuna kisu hapo, hakuna damu, hakuna neno lililosemwa. Stima yenyewe haina haja ya kukatika, zimeni taa tu. Kwenye mita tumieni tokeni ya zamani na msifikie kitufe cha kuthibitisha, msije mkagombana na mwenye nyumba.

Chanzo cha pili: mmejibu swali lenu wenyewe. Mwuaji anajitokeza, anaeleza kisasi cha baba yake, msichana anauawa, jina la filamu linatokea. Hiyo ni filamu nzima iliyokandamizwa, na mtu hana sababu ya kutazama dakika ya tatu. Katika kazi nyingi za aina hii ufunguzi mzuri umo tayari, umeisha sekunde 15 kabla ya pale mlipoumalizia. Kateni hapo muone.

Chanzo cha tatu ni kengele. Kama shoti yenu ya kwanza ni simu ikilia kitandani, mkono ukiizima, halafu mswaki, halafu chai, ifuteni leo. Hakuna mtu anayetishwa na mswaki.

Dalili: Usiku umetoka chengachenga, uso hauonekani

Kitambuzi cha mwanga ndani ya simu ni kidogo kuliko ukucha. Gizani simu hujipandishia ISO, yaani wepesi wake wa kuhisi mwanga, ili ione, na hiyo ndiyo huleta zile chenga zinazotambaa ukutani. Kuwasha taa zote hakusaidii, mtapata sebule ya kawaida saa 2 usiku na familia inangoja taarifa ya habari. Giza la filamu hutengenezwa kwa mwanga mmoja unaotoka upande mmoja, na mahali pengine pote kuachwa.

Shoti za ndani zipigeni mchana. Zibeni madirisha kwa mablanketi mazito, mkibana kingo vizuri maana jua la Nairobi hupenya tundu la sindano. Kisha washeni chanzo kimoja: taa ya mezani iliyowekwa kando ya mhusika, au tochi ya simu ya pili iliyoelekezwa ukutani ili mwanga umrudie kwa upole. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu inayorekodi, shikilia mpaka mwangaza ufungwe, halafu uteremshe kidogo. Mkiwa na programu inayoruhusu, ISO isipite 800.

Kuna jambo ambalo huwapita wengi: kuta za nyumba zetu za kupanga zimepakwa rangi ya krimu inayong'aa, na rangi hiyo inarudisha mwanga kila pembe. Ndiyo maana uso unaonekana bapa hata mkiwa na taa moja. Tundikeni shuka jeusi au koti refu upande usio na taa, nje kidogo ya fremu. Nusu ya uso itaingia kivulini hapo hapo.

Kwa shoti za nje, jueni mko wapi duniani. Nairobi iko kusini kidogo tu mwa Ikweta. Mwaka mzima jua hutua kati ya saa 12.15 na saa 12.45 jioni, nalo huzama karibu wima, hivyo ule mwanga wa samawati unaopendeza sana kwenye filamu hudumu kama dakika 20, basi. Hamwezi kupiga shoti sita katika muda huo. Chagueni moja, ile ya mbali inayoonyesha jengo na anga. Fikeni saa 11.30, simamisheni stendi, fanyeni mazoezi mara kadhaa, na jua likishatua mrudie shoti hiyo hiyo mpaka giza liwazidi. Shoti za karibu za nje zinaweza kupigwa baadaye chini ya taa ya usalama ya ploti, hakuna atakayegundua.

Na mkitaka taharuki ya mchana, miezi ya Juni hadi Agosti ni zawadi: mawingu ya kijivu siku nzima, vivuli laini, watu wamevaa makoti. Kinyume chake ni jua la utosi la kuanzia saa 5 hadi saa 9, ambalo hutia mashimo meusi machoni pa kila mtu, mwema na mbaya.

Dalili: Taa zinapepesa, mistari inatembea juu ya picha

Huu ni ugonjwa wa hesabu. Stima ya Kenya ni volti 240, mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Simu nyingi hutoka dukani zikiwa zimewekwa fremu 30 (picha 30) kwa sekunde, na shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, inajibadilisha yenyewe, haikubaliani na taa.

Rekodini fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50. Mwanga ukiwa mwingi, 1/100. Hata simu ikikataa fremu 25 na kung'ang'ania 30, shata ya 1/50 au 1/100 bado itatuliza picha. Programu ya kamera iliyokuja na simu mara nyingi haikupi nafasi ya kugusa shata. Blackmagic Camera ni ya bure na inakupa. Mkikwama kabisa, badilisheni taa: taa inayotumia betri au pawabenki, ikiwashwa kwa nguvu yote, kwa kawaida haipepesi. Jaribuni kabla ya mwigizaji kufika, kwa sababu uhariri hauondoi mistari hiyo bila kuharibu kitu kingine.

Mkiwa na simu mbili, zote ziwekwe namba zile zile.

Dalili: Mhusika yuko mbali, mji uko karibu

Maiki ya simu iko pale ilipo simu, na simu iko mita 3 kutoka kwa anayesema. Kati yao kuna Nairobi. Chukueni simu ya pili, iwekeni mfukoni mwa shati la mwigizaji au nyuma ya bakuli mezani, irekodi sauti peke yake. Mtu apige kofi moja mbele ya kamera kabla ya kila shoti: kwenye uhariri mtalinganisha viganja vinavyokutana na mshtuko wa sauti. Maiki ndogo za kubana kwenye kola zinapatikana kwa bei nafuu Luthuli Avenue, ila zijaribuni hapo hapo dukani, na spika za masikioni ziwe masikioni, si mfukoni.

Sehemu ya pili ya dawa ni kutafuta eneo kwa masikio. Nendeni siku ile ile ya wiki, saa ile ile mtakayorekodi, mkae kimya dakika 10 na kuandika mnachosikia. Lang'ata na South C wana ndege za Uwanja wa Wilson. Karibu na barabara kuna makanga. Jumapili asubuhi kuna spika za kanisa, pengine mbili zinazoshindana. Chini ya mabati, mvua ikianza, fungeni virago. Na alfajiri na jioni, wakati ule ule wa mwanga mzuri, hupita wale kwarara wakubwa wa kijivu wakilia kama watu wanaogombana, na hakuna maiki itakayowashinda. Ndani ya nyumba adui ni friji. Izimeni, na anayeizima aweke funguo zake za nyumba ndani yake, asije akaondoka na kuacha nyama ya watu ioze.

Mimi ningewashauri mwondoe mazungumzo kabisa. Dakika 2 za taharuki zinahitaji sentensi mbili au tatu, pengine hata moja. Sauti nyingine zote zirekodiwe baadaye, moja moja: hatua kwenye ngazi, kufuli, pumzi, vitufe vya mita. Kabati lililojaa nguo ni studio nzuri kuliko darasa tupu. Kila mahali mnaporekodi, chukueni pia sekunde 30 za chumba kikiwa kimya, hakuna anayesema wala kusogea. Hiyo ndiyo gundi ya kuziba mapengo pale mtakapokata.

Muziki je? Wimbo wa msanii mnayempenda una mwenyewe, na masharti ya kazi za shule kwa kawaida hukataa. Lakini kabla ya kutafuta muziki wa bure, jaribuni hili: wekeni sauti za runinga ya jirani, mbwa, maji ya bomba, mtoto anayelia ghorofa ya juu. Halafu viondoeni kimoja baada ya kingine. Nairobi ikinyamaza ghafla, mtu hugeuka kutazama nyuma yake.

Dalili ndogo ya familia hii: sauti inaanza sawa na midomo, mwisho wa shoti inachelewa. Simu nyingi hurekodi fremu zisizo na mwendo mmoja, sekunde hii 30, inayofuata 28. Pitisheni faili kwenye programu ya HandBrake, mchague fremu za mwendo usiobadilika, kisha ndipo muingize kwenye programu ya uhariri.

Dalili: Haieleweki nani anamtazama nani

Mmevuka mstari. Chora mstari wa kufikirika kati ya wahusika wawili, mchague upande mmoja, na kamera isivuke kwenda wa pili. Hiyo ndiyo kanuni ya nyuzi 180. Mkiivuka, wote wawili wataonekana wakitazama upande mmoja, kama abiria kwenye matatu. Kwa anayefuatwa ni hivyo hivyo: akitoka kwenye fremu kwa upande wa kulia, aingie inayofuata kwa upande wa kushoto, la sivyo anaonekana anarudi kwa adui yake.

Kuna zoezi la zamani la wanafunzi wa masomo ya vyombo vya habari: mtu anafungua mlango, anavuka chumba, anaketi mkabala na mwingine, wanasemezana maneno mawili matatu. Lifanyeni kabla ya kazi yenyewe. Mkono ukishika kitasa, rekodini kitendo chote kutoka nje, halafu kitendo chote tena kutoka ndani, mpate mahali pa kukatia mkono ukiwa bado unazungusha. Mchana mmoja unatosha.

Dalili: Mwigizaji anaigiza mno

Macho yametoka, mkono kifuani, pumzi kama ya mtu aliyekimbia kutoka Kariobangi. Kosa si lake. Mmemwambia "ogopa", naye ameogopa kwa njia aliyoiona kwenye jukwaa la tamasha la maigizo, ambako mtu wa safu ya nyuma lazima aone. Kamera iko kwenye pua yake.

Mpeni kazi badala ya hisia. Hesabu tarakimu. Tafuta ufunguo bila kuutazama mkoba. Sikiliza kama maji yanatiririka bafuni. Hisia itapandwa na shoti inayofuata. Mapema katika karne ya 20, mwongozaji Mrusi Lev Kuleshov aliunganisha uso ule ule wa mwigizaji na picha tofauti, ikiwemo ya sahani ya supu na ya jeneza, na watazamaji wakaona njaa hapa na huzuni pale, ilhali uso haukubadilika. Wekeni uso mtulivu wa msichana, kisha pazia linalotikisika kidogo, kisha uso tena. Hofu imeshaingia.

Dalili: Mmezungukwa, au mmefukuzwa

Hii haimo kwenye vitabu vya filamu, na ndiyo inayoharibu Jumamosi nyingi.

Mkianza na shoti ya kukimbizana: msifanye kamwe mtaani bila watu kujua. Kijana anayekimbia akifuatwa na wawili, na mmoja akipaza sauti "Mwizi!", Nairobi haingoji kuuliza. Umati unaweza kumshukia mwigizaji wenu kabla hajasema ni mchezo. Neno hilo lisitamkwe nje, liongezeni kwenye uhariri. Siku moja kabla, mjulisheni msimamizi wa ploti, mzee wa mtaa au mwenyekiti wa Nyumba Kumi, vijana wa bodaboda pale stejini, na mama mboga. Huyu wa mwisho msimdharau. Akijua yeye, mtaa mzima unajua kufikia jioni. Salamu kwanza, ombi baadaye: "Shikamoo mama, sisi ni wanafunzi, kesho saa 10 tutakuwa hapa na kamera, kuna mtu atakimbia, ni mchezo tu." Na mmoja wenu asimame kila mwisho wa njia, asiyerekodi wala kuigiza, kazi yake kujibu maswali.

Bunduki ya bandia isitoke nje ya nyumba. Polisi anayeiona akiwa mita 30 hawezi kujua ni plastiki, wala mwenye duka. Panga na kisu vivyo hivyo. Ndani ya nyumba, kisu kinachoonekana nusu sekunde mezani kinatisha kuliko kinachopungwa.

Katikati ya jiji, stendi ya miguu mitatu ndiyo inayowaita askari wa kaunti. Simu mkononi ni mtalii, simu juu ya stendi ni kampuni. Tembeeni na barua ya shule yenye muhuri, jina la mwalimu na namba yake. Soja wa jengo mwiteni "mkubwa", mwombeni awaelekeze kwa msimamizi badala ya kubishana naye mlangoni, maana yeye hana ruhusa ya kuwaruhusu. Kamera isielekezwe kwenye kituo cha polisi, kambi ya jeshi wala jengo la serikali. Droni sahauni: inahitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, na anga ya jiji ina Wilson upande mmoja na Moi Airbase upande wa pili.

Kuhusu sheria, Sura ya 222 ya Sheria za Kenya, ile ya filamu na michezo ya jukwaani, inataka leseni kwa filamu inayotengenezwa ili kuonyeshwa hadharani au kuuzwa. Mkinuia kuipeleka kazi nje ya darasa, kwenye tamasha kwa mfano, mwalimu aulize Bodi ya Kuainisha Filamu, KFCB, mapema, si wiki ya mwisho.

Dawa rahisi kuliko zote ni kurekodi mahali mlipo na haki ya kuwa: ngazi za ploti ya mmoja wenu, maabara ya shule, stoo, gari la mzazi lililoegeshwa. Hadithi iandikwe baada ya kupata mahali. Vikundi vinavyoandika kwanza hospitali iliyoachwa, kisha kuanza kuitafuta, hutumia mwezi mzima kutafuta.

Dalili: Nywele zimebadilika katikati ya ngazi

Jumamosi ya kwanza msichana ana rasta ndefu, ya pili amesuka mistari. Akipanda ngazi yeye, anafika juu dada yake. Kabla ya kuanza, mkubaliane kwamba hakuna kusuka, kunyoa wala kufua sweta ya filamu mpaka mwisho. Pigeni picha ya kawaida ya kila mwigizaji mwishoni mwa siku: mkoba uko bega gani, mkono wa shati umekunjwa mara ngapi. Sare ya shule yenye beji, ivueni.

Dalili: Picha ilikuwa safi kwenye simu, kwenye kompyuta ni ukungu

Mlitumiana kwa WhatsApp, nayo ikaibana video mpaka ikabaki mifupa. Tumeni kama hati, au bora kwa waya moja kwa moja, bando lenyewe halitoshi. Flashi ikikataa faili kubwa ilhali ina nafasi, imepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili linalofika GB 4. Hamisheni vilivyomo, muipange upya kwa exFAT. Na msifute chochote kwenye simu mpaka nakala mbili ziwe kwenye vifaa viwili vinavyolala nyumba mbili tofauti.

Dalili: Majina yanafanana na kadi ya harusi

Herufi moja, rangi moja, ndogo kuliko mnavyodhani, bila kuzunguka wala kumeta. Yapandeni mahali penye giza ndani ya shoti zenyewe, mbali na nyuso, na kila jina likae muda wa kulisoma mara mbili kimoyomoyo. Msiyarundike mwanzoni juu ya weusi mtupu, mtakuwa mmekula sekunde 25 za dakika 2 zenu.

Dalili: Kwenye projekta ya shule hakuna kinachoonekana

Kioo cha simu kinang'aa sana na mlikitazama kitandani, taa zikiwa zimezimwa. Ukumbi wa shule una mapazia mepesi, na projekta ya shule taa yake imechoka. Kivuli chenu kizuri kitakuwa ukuta mweusi wenye sauti. Ombeni kuijaribu filamu humo ukumbini angalau siku mbili kabla, saa ile ile ya onyesho. Ikiwa nyeusi mno, rudini kwenye programu ya uhariri, mpandishe mwangaza wa kati na kuuacha weusi wa chini kabisa ulivyo, kisha mtoe nakala ya pili kwa ajili ya ukumbi: aina ya video H.264, ukubwa wa picha 1920 kwa 1080, fremu 25 kwa sekunde. Ile ya giza mpeni mwalimu ya kusahihisha kwenye kompyuta yake, na majina ya faili yaeleze ipi ni ipi.